Kidonge cha Jogoo

Nyumbani kwao walimwita Bi Mtaro, naye hakuwahi kulikasirikia jina hilo. Alikuwa mtafiti wa maji taka katika chuo kikuu, mwanamke wa makamo mwenye sauti nzito na kicheko cha karibu, na kazi yake aliipenda kuliko watu walivyodhani kazi kama ile inaweza kupendwa. Shemeji zake walimtania kwamba wenzake husoma vitabu, yeye husoma vyoo. Akawajibu kwamba kitabu kinaweza kukudanganya, lakini choo hakina unafiki: alichokula mtu, alichokunywa na alichomeza, vyote hupita pale pale, awe mcha Mungu au mlevi.

Utafiti aliouongoza mwaka ule ulikuwa na miguu mitatu. Mguu wa kwanza ulikuwa mabwawa ya kusafishia maji taka pembezoni mwa mji, kujua kama kweli yanaua vijidudu au yanavifuga tu. Wa pili ulikuwa vinasaba vya vijidudu vyenyewe, kujua vipi vimeshazoea dawa. Wa tatu ndio uliompa sifa, nao ulihusu vijana. Badala ya kuwauliza wanafunzi wa sekondari kama wanalala vizuri, kama wana msongo wa mawazo au wanatumia vileo, maswali ambayo kijana huyajibu kwa kile anachodhani mtu mzima anataka kusikia, timu yake ilipima maji yaliyotoka mashuleni mwao. Ndani ya maji hayo mlikuwa na mabaki ya sigara zilizovutwa kwa siri na vidonge vilivyomezwa gizani. Bila kumjua mtu hata mmoja kwa jina, ungeweza kujua vijana wa shule fulani wanaishije.

Palikuwa na sharti moja. Hakuna shule ambayo ingeambiwa kilichoonekana kwenye maji yake. Majibu yangetolewa mwisho wa utafiti, shule zote zikiwa zimechanganywa pamoja, na hata mtu akitaka kubahatisha asingeweza. Sharti hilo Bi Mtaro mwenyewe ndiye aliyeliandika, na ndiye aliyesimama mbele ya kamati ya maadili ya chuo akalitetea. Maji ya watu, aliwaambia, ni siri ya watu. Wajumbe walipendezwa na maneno hayo, wakampa kibali.

Shule nyingi zilikataa kushiriki. Moja iliyokubali mapema ilikuwa shule ya bweni ya wasichana iliyoongozwa na mdogo wake wa tumbo moja, mwanamke mnyoofu kama rula, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Mwalimu mkuu huyo alikubali kwa sababu aliyeomba ni dada yake, na pia kwa sababu hakuwa na wasiwasi wowote juu ya wasichana wake. Chemba ya maji taka ya shule ilikuwa nyuma ya mahali pa kufulia. Bi Mtaro alikuwa akifika na fundi wake, wanavaa mabuti na glavu, wanainua mfuniko wa chuma kwa nondo na kushusha mpira wa kunyonyea maji, huku wasichana wakipita na ndoo zao wameziba pua na kucheka. Yeye naye alicheka nao. Aliwaambia wasizibe pua, hayo ni matunda ya kazi yao wenyewe.

Majibu yalipoanza kutoka kwenye mashine, maji ya shule ile yalikuwa safi kuliko ya wengine, isipokuwa kwa kitu kimoja. Palikuwa na fenobabitoni. Ni dawa ya kutuliza mishipa ya fahamu, na wapo watu wanaoimeza kwa kutafuta usingizi mzito au ulevi usionuka mdomoni. Hakuna shule nyingine iliyokuwa nayo. Bi Mtaro aliitazama alama ile kwenye skrini, akakunja uso, akamfikiria mdogo wake. Halafu simu ikalia, kukawa na gari la kupeleka mabwawani, akaifunga kompyuta.

Siku chache baadaye alikwenda kula chakula cha mchana kwa mdogo wake, katika nyumba ya mwalimu mkuu iliyokuwa ndani ya uzio wa shule. Wakati ule mji mzima ulikuwa ukizungumzia shule nyingine, ambako wasichana wawili walikutwa wamelewa vidonge hata hawawezi kusimama. Mdogo wake alilisimulia jambo hilo kwa masikitiko yaliyochanganyika na utamu kidogo, kama mtu anavyosimulia moto wa nyumba ya jirani asiyepatana naye. Alisema yote hayo ni malezi. Alisema shule yake haina mambo hayo, na kwamba angeweza kuweka mkono wake motoni kwa ajili ya kila msichana aliye chini yake.

Ulimi hauna mfupa. Bi Mtaro alikuwa ameshiba, alikuwa amestarehe, na tangu utotoni hakuweza kumvumilia mdogo wake akijigamba. Wakati mwingine hata hakujua ni kitu gani kinachomsukuma. Ni ule ukubwa tu, wa aliyetangulia kuzaliwa na anayetaka aendelee kutangulia.

"Usiweke mkono motoni, mdogo wangu, utaungua," alisema akicheka. "Wasichana wako wanameza vidonge vya usingizi. Nimeviona kwa macho yangu."

Mdogo wake aliweka kijiko chini. Aliuliza ni vidonge gani, ni wangapi, ni bweni lipi. Hapo kicheko kikamkauka Bi Mtaro. Alisema maji hayana bweni, wala hayana jina, na kwamba hakutakiwa kusema hata hilo alilolisema. Alimwomba asahau.

"Sijakwambia kitu," alimalizia.

"Hujaniambia kitu," mdogo wake akakubali. Lakini chakula hakukigusa tena.

Kesho yake, wasichana wakiwa darasani, mwalimu mkuu na matroni waliingia mabwenini. Walifungua masanduku, walitikisa viatu, walipapasa magodoro. Walipata simu za siri, wakapata na vipodozi, na barua za mapenzi ambazo siku nyingine zingewapa kazi ya wiki nzima. Kisha matroni akashika sweta moja na kuhisi upindo wake wa chini ni mzito. Ndani ya upindo palikuwa pameshonwa kijimfuko, kwa mshono mzuri ajabu usioonekana, na ndani ya kijimfuko mkiwa na vidonge vyeupe vilivyofungwa kwa plastiki.

Mwenye sweta alikuwa msichana wa kidato cha tatu ambaye wenzake walimwita Jogoo, kwa sababu aliamka kabla ya kengele kila siku ya Mungu. Wengine waliona ni ucha Mungu, wengine waliona ni kimbelembele. Alikuwa mtoto wa fundi cherehani, mpole, hodari wa hesabu, hana kesi na mtu. Alipoitwa ofisini na kuonyeshwa vidonge alisema ni vyake. Alipoulizwa ni vya nini, alinyamaza. Aliulizwa nani aliyempa, akanyamaza. Aliulizwa amewagawia kina nani, na hapo akatikisa kichwa kwa nguvu, machozi yakamtoka, lakini neno halikutoka.

Mwalimu mkuu hakuwa mkatili. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba asiye na hatia husema, na kwamba anayenyamaza ana la kuficha. Vidonge alivifungia kwenye mtoto wa meza. Alimpigia simu mama wa binti akamtaka afike shuleni, na hakumweleza sababu, kwa kuwa mambo ya nidhamu, kwa desturi yake, hayakuzungumzwa kwenye simu. Yule mama alikuwa mbali, na alikuwa na nguo za harusi mezani ambazo wenyewe walikuwa wakizingoja. Alidhani mwanawe amejibizana na mwalimu. Aliahidi kuja akishamaliza.

Siku zikapita. Jogoo alimfuata matroni mahali pa kufulia na kumwomba ampe kidonge kimoja tu. Baadaye alimfuata tena, akaomba nusu. Matroni alimpelekea mwalimu mkuu habari hizo, na wote wawili wakatazamana kwa huzuni, maana kwao hiyo ndiyo ilikuwa alama ya mtu aliyekwisha kutekwa na madawa. Walikubaliana wasilegee. Waliamini wanamwokoa.

Aliangukia kwenye gwaride la asubuhi. Alikuwa amesimama ngazi ya juu ya baraza, zamu yake ya kusoma matangazo, na alisoma tangazo la kwanza vizuri. Katikati ya la pili sauti ikakatika, karatasi ikamtoka mkononi, akaenda chini ngazi zote kwa kichwa. Mwili ulikakamaa, kisha ukaanza kurukaruka juu ya saruji. Wasichana walirudi nyuma kama maji yanavyorudi ukitupa jiwe. Mmoja akalitamka lile neno, kifafa, na neno likapita safu kwa safu. Degedege lilitulia kidogo, likaanza upya kabla hajafumbua macho, likatulia, likaanza tena. Alipofikishwa hospitali lilikuwa bado halijamwachia.

Bi Mtaro alikuwa maabara mdogo wake alipompigia simu.

"Dada," alisema, na sauti yake haikuwa ya mwalimu mkuu tena, ilikuwa ya yule mtoto aliyekuwa akimfuata nyuma njiani kwenda shule. "Yule mtoto ana kifafa. Vile vidonge vilikuwa dawa yake."

Bi Mtaro hakumbuki alijibu nini. Anachokumbuka ni kwamba alipoweka simu chini hakukimbilia hospitali. Aliketi mbele ya kompyuta akafungua majibu ya shule ile, akapanga siku zote kwa mfululizo, kitu ambacho hakuwa amekifanya. Alama ya dawa ilikuwa mstari ulionyooka. Haikupanda mwisho wa juma wala haikushuka siku za mitihani. Vijana wanaolewa hawalewi hivyo. Wanaolewa, mstari wao hupanda na kushuka kama vilima, leo wamepata, kesho wamekosa. Mstari ule ulikuwa wa mtu mmoja anayemeza kiasi kilekile wakati uleule, kwa utii, bila kukosa. Mwanafunzi wake wa mwaka wa pili angeuona. Yeye, aliyewafundisha watu kuisoma mistari hiyo, aliona jina la dawa tu akaondoka nalo mdomoni kwenda kulila na chakula cha mchana.

Hospitali alimkuta mama wa binti ameshafika, ameketi kwenye benchi la korido, tepu ya kupimia ingali shingoni. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye vidole virefu. Mwalimu mkuu alikuwa kando yake, na alikuwa akimwambia kwamba shule ilipata taarifa kuwa kuna vidonge bwenini, ndipo wakapekua. Hakusema taarifa ilitoka wapi. Alipomwona dada yake, aliangalia pembeni.

Yule mama hakupiga kelele. Alisimulia tu, kana kwamba wote waliomzunguka walikuwa wateja waliokuja kupima nguo. Alisema ugonjwa ule uko katika ukoo wao. Kaka yake alikuwa nao. Alifukuzwa shule kwa sababu watoto walikataa kukaa naye dawati moja, na akiwa kijana alianguka penye moto hakuna mtu karibu. Kwa hiyo mwanawe alipoanza kuanguka akiwa mdogo, alimtafutia dawa, dawa ikamkubali, na alimfundisha mambo mawili: asikose kidonge, na asimwambie mtu. Binti aliamka kabla ya wenzake ili ameze bila kuonekana. Kijimfuko kile alikishona mama mwenyewe.

"Nilimwambia hata mwalimu asimwambie," alisema. "Amenitii."

Siku ile Bi Mtaro hakusema kitu. Alimletea chai, alimtafutia shuka safi, alizungumza na madaktari kwa lugha yao. Yule mama alimshukuru, akamwita dada, akamwombea heri, na kila ombi lilimwingia Bi Mtaro kama mwiba chini ya ukucha. Alirudi kesho yake na keshokutwa, akiwa na matunda, akiwa na maneno ya faraja. Mara zote aliingia akiwa amekata shauri kusema, na akatoka akiwa hajasema.

Jogoo alifumbua macho. Aliishi. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa mzito, na maneno yalimponyoka. Aliita kikombe mlango, akajisikia amekosea, akalia. Madaktari walisema huenda vitu hivyo vikarudi, huenda si vyote. Shuleni nako, godoro lake lilikuwa limetolewa nje na wenzake wa bwenini. Hakuna aliyewatuma. Matroni alilikuta limeegemezwa ukutani, juani, na ndoo yake imewekwa juu yake.

Mdogo wake ndiye aliyemweleza habari za godoro, walipokutana kwenye ngazi za hospitali. Bi Mtaro alimwambia kwamba atamweleza yule mama kila kitu, na kisha ataiambia kamati.

"Ukisema, na mimi nimekwisha," mdogo wake alisema.

"Nitasema langu. Lako sitalisema."

"Langu na lako ni kitu kimoja, dada. Nani asiyejua kwamba sisi ni ndugu? Nilifanya nini zaidi ya kuamini neno lako?"

Bi Mtaro alijua kwamba hilo la mwisho lilikuwa kweli. Tangu wadogo, mdogo wake aliamini kila neno lake. Walipokuwa watoto alimdanganya kwamba mbegu ya chungwa aliyomeza itaota tumboni, na mtoto yule alikataa kunywa maji siku nzima ili isiote.

Bi Mtaro alimwambia yule mama siku hiyohiyo, mchana, kwenye benchi lilelile. Alijieleza yeye ni nani na kazi yake ni nini. Alieleza kuhusu chemba nyuma ya mahali pa kufulia, kuhusu mashine, kuhusu chakula cha mchana na kicheko chake. Hakuacha kicheko. Alieleza na mstari, na kwamba angeutazama sawasawa angejua ni mgonjwa na si mlevi. Yule mama alimsikiliza huku akiikunja na kuikunjua tepu yake. Palipokuwa hapaeleweki aliuliza, kwa utulivu, kama anayeuliza kipimo cha kiuno.

"Kwa hiyo mlichukua mavi ya watoto wetu," alisema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Na damu yetu mlichukua. Zamani, kaka yangu alipokufa. Watu wa chuo chenu walikuja hadi nyumbani, wakatutoa damu ukoo mzima, hata mama yangu mzee. Walisema wanatafuta ugonjwa huu unatoka wapi, na majibu watatuletea." Aliizungusha tepu kwenye vidole ikawa gurudumu dogo. "Majibu ya damu hatujaletewa mpaka leo. Haya ya mavi ndiyo yaliyofika, tena mdomoni mwa mtu anayecheka. Chai yako sitaki tena. Nenda."

Aliondoka. Alipofika kwenye gari alikaa bila kuliwasha, mikono kwenye usukani. Alikuwa amedhani kwamba akishasema atapata nafuu, maana ndivyo watu wasemavyo, kwamba aliyetua mzigo hupumua. Hakupumua. Mzigo aliutua, kweli, lakini aliutua juu ya kichwa cha mwanamke ambaye tayari alikuwa na wake.

Kesho yake alikwenda jengo la pili la chuo, kwa mtaalamu wa vinasaba ambaye wote walimwita Profesa, mzee mwenye mvi na heshima, aliyezoea kuwatania wenzake wa maji taka kwamba wasipite karibu na ofisi yake kabla ya kuoga. Bi Mtaro alimuuliza kuhusu ukoo wenye kifafa, kaka aliyeungua, mama mzee aliyetolewa damu. Profesa alikumbuka mara moja, tena kwa furaha. Ukoo mzuri sana, alisema. Walipata hitilafu moja katika kinasaba kimoja, safi kabisa, inayopita kutoka mzazi hadi mtoto. Waliandika makala, ikasomwa nchi nyingi.

Alimuuliza kama kuna lolote katika matokeo yale ambalo lingewafaa wenyewe.

Profesa alisema lipo. Wenye hitilafu ile, dawa fulani nyingine huwafaa zaidi kuliko ile ya zamani. Hata ikikosekana siku moja mbili mwili haulipizi kisasi vile.

"Waliambiwa?"

Profesa alifungua mdomo. Alisema ufadhili ulikwisha. Alisema aliyekuwa na jukumu la kurudi kwa familia alipata kazi kwingine. Kisha akavua miwani na kuifuta kwa muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. Bi Mtaro alitaka kumkasirikia, na hasira ilikuja nusu, ikakwama. Angemkasirikia kwa mdomo upi? Huyu alinyamaza alipotakiwa kusema, yeye alisema alipotakiwa kunyamaza, na wote wawili wamekutana kwenye kitanda cha mtoto mmoja.

Walikwenda hospitali pamoja. Bi Mtaro alibaki nje ya wodi, kwa kuwa alikuwa amefukuzwa na hakutaka kujipenyeza nyuma ya mgongo wa mtu. Profesa aliingia peke yake na kukaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikuwa kama mtu aliyenyeshewa. Alisema amewaeleza, na amekubaliana na madaktari kuhusu dawa mpya. Alisema yule mama aliuliza swali moja tu: kama wangeambiwa wakati ule, kabla binti hajaenda bweni, je, haya yangetokea? Naye alimjibu kwamba pengine yasingetokea.

Kamati ya maadili ilikaa. Bi Mtaro alisimama mahali palepale alipowahi kusimama na kusema maji ya watu ni siri ya watu, na safari hii hakutafuta maneno ya kupendeza. Mguu wa tatu wa utafiti ulisimamishwa, na uongozi wa utafiti wote akapewa mwingine. Aliruhusiwa kubaki na mabwawa. Mjumbe mmoja alimfuata korido akamwambia, kwa nia njema, asijitese sana, kwani hata hivyo mtoto amepata dawa bora kuliko aliyokuwa nayo, na huenda ni mipango ya Mungu. Bi Mtaro alimwitikia kwa adabu. Usiku huo na siku nyingi zilizofuata aliyasikia maneno hayo, na yalimuumiza kuliko lawama, kwa sababu kuna sehemu ndogo ndani yake iliyotaka sana kuyaamini.

Mdogo wake aliondolewa shuleni, akahamishiwa ofisi ya elimu, kwenye meza ya kupanga ratiba za mitihani. Simu za dada yake hakuzipokea. Katika msiba wa shangazi yao walikaa mkeka mmoja bega kwa bega, wakapokea rambirambi pamoja, na hakuna aliyemgeukia mwenzake. Mwisho wa siku hiyo, wakati wa kuosha vyombo, mdogo wake alimpokonya sufuria kubwa mkononi. Alimwambia hajui kusugua, hajawahi kujua. Walisugua pamoja hadi sufuria zikaisha.

Jogoo hakurudi bwenini. Mama yake alimchukua nyumbani, akamwandikisha shule ya kutwa ya jirani, na safari hii alikwenda mwenyewe kwa mwalimu wa darasa na kumweleza ugonjwa wa mwanawe na namna ya kumsaidia akianguka. Mwaka ulipoisha, Bi Mtaro alipata ujumbe kupitia kwa Profesa, ambaye sasa alikuwa akiutembelea ukoo ule mara kwa mara. Binti anataka kumwona. Mama hataki, lakini hatamzuia.

Alikwenda mchana wa jua kali. Chumba cha mbele kilikuwa karakana: cherehani mbili, vitambaa vimetundikwa, vipande vya chaki ya kukatia sakafuni. Yule mama alimwonyesha kiti kwa mkono, akarudi kwenye cherehani yake, akaendelea kushona. Jogoo aliketi mbele ya Bi Mtaro, amerefuka, mkono wa kushoto umelala mapajani. Alizungumza polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe, akiangalia neno kabla ya kulikanyaga.

"Ulijua ni mimi?"

"Hapana, mwanangu. Nilijua kuna mtu."

"Ungeniuliza, nisingekwambia," binti alisema baada ya kufikiri. "Lakini ungeuliza."

Bi Mtaro aliomba radhi. Alikuwa ameyatayarisha maneno yake njia nzima, nayo yakatoka mafupi na mabovu. Binti aliyasikiliza, hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe. Kisha akauliza alichokuwa amemwitia. Alitaka kujua mashine inawezaje kuona kidonge kimoja ndani ya maji ya watu mia kadhaa. Amefikiria sana, hesabu haimwingii akilini.

Basi Bi Mtaro akamweleza. Alianza kwa tahadhari, akaomba kipande cha chaki, akachora sakafuni jinsi maji yanavyochujwa, jinsi kila dawa inavyokuwa na uzito wake usiofanana na wa nyingine, jinsi mashine inavyozipima moja moja kama mtu apimaye nafaka. Binti aliinama mbele. Aliuliza swali zuri, halafu jingine zuri zaidi, na pale alipokosa neno alichora. Bi Mtaro naye aliinama, sauti ikampanda, mikono ikaanza kuruka kama inavyoruka akiwa darasani, na wote wawili wakawa juu ya mchoro wamesahau wengine. Kisha akagundua kwamba cherehani imenyamaza.

Aliinua macho. Yule mama alikuwa akiwatazama, mguu kwenye pedali, kitambaa kimening'inia mkononi. Hakukunja uso, na hakutabasamu.

"Yatosha," alisema. "Anachoka."

Bi Mtaro alisimama, akafuta chaki vidoleni, akaaga. Binti alisema bado hajaelewa sehemu ya mwisho. Mama yake alikanyaga pedali. Alianza tena kushona. Nje jua lilikuwa kali vilevile, na watoto wa shule walikuwa wakirudi makwao wamevua sweta. Alitembea mtaa mzima akiwa amechangamka, akilipanga kichwani lile jibu la sehemu ya mwisho, namna bora ya kulieleza, mfano gani angeutumia. Alifika kwenye kona ndipo alipojitambua kwamba anafurahi, na aibu ikampanda hadi masikioni. Alisimama pale hadi ilipopungua kidogo, kisha akaendelea na njia.